Kutoka Naitiri Hadi Makerere: Elimu ya Historia ya Sanaa

Asafiriye kutoka Kitale kuelekea kusini, akapita Kiminini, kisha akaiacha njia kuu ya Webuye na kushika upande wa mashariki, huingia katika nchi ya mahindi. Huko ndiko Naitiri, katika Kaunti ya Bungoma, kabla msafiri hajafika mto Nzoia. Hewa ikiwa safi, Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, huonekana upande wa kaskazini-magharibi.

Zamani mashamba ya sehemu hizi yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 yalinunuliwa na kugawiwa wakulima Waafrika, nao wakaja kutoka sehemu mbalimbali na vyombo vyao: mitungi, vigoda, vikapu, na pengine litungu la kupiga jioni. Kwa hiyo historia ya watu wa Naitiri haimo katika ardhi yake tu, bali pia katika vyombo walivyokuja navyo.

Mzazi wa huko aliyeuza magunia ya mahindi ili alipe karo hufurahi akisikia kwamba mwanawe atasomea udaktari, sheria au ukulima. Lakini akiambiwa kwamba kijana ataka kusoma historia ya sanaa, hunyamaza kwanza, kisha huuliza: “Hiyo nayo ni kazi gani? Atakula picha?” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Historia ya sanaa si kujifunza kuchora. Ni elimu ya kukitazama kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu na kuuliza: kimefanywa na nani, wakati gani, kwa haja gani, na kwa nini kikapewa umbo hili wala si lile. Mkulima hatashangaa, maana yeye mwenyewe hulitazama jani la muhindi akajua udongo umepungukiwa na nini.

Mahali pa karibu pa kuianza elimu hiyo ni Makumbusho ya Kitale. Mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, alianza kukusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, akafungua makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia Serikali ya Kenya mali hiyo, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa mjini Kitale. Hapo mtoto wa Naitiri aweza kukuta chombo kilicho sawa na cha bibi yake, kimewekwa kwa heshima na kuandikiwa maelezo.

Mahali pa pili ni Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Kaunti ya Busia, si mbali na mpaka wa Uganda. Juu ya mwamba kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miviringo ndani ya miviringo, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mingine imechorwa juu ya mingine, ndipo wataalamu wakatambua kwamba haikuwa kazi ya kizazi kimoja. Miviringo hudhaniwa kuwa ya wawindaji wa kale. Ng'ombe walichorwa baadaye na wafugaji. Katika udongo wa mahali hapo wachimbuzi walipata mbegu za kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, kama ilivyotangazwa mwaka 2024. Hivyo mkulima na mchoraji wana historia katika mwamba mmoja.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Kampala, ndiko elimu ya sanaa ilikopata chuo cha kwanza katika Afrika Mashariki. Makerere ilikuwa bado chuo kidogo mwaka 1937, wakati Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari, alipoanza kufundisha wanafunzi wachache barazani mwa nyumba yake. Yeye aliamini kwamba mwanafunzi na aanze na mambo ya kwao. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda. Baada yake alikuja Cecil Todd, aliyetaka wanafunzi wajue sanaa ya dunia nzima. Ubishi juu ya njia hizo mbili haujaisha.

Pengine jibu ni Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Mumias. Alifundishwa na Bibi Trowell, akaenda Uingereza kuongeza masomo, akarudi kufundisha Makerere. Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962 iliyoko Kampala ni kazi yake: mama ambaye mwili wake umezungushiwa vifungo, naye amemwinua mtoto juu. Maloba alijifunza ya mbali pasipo kuyatupa ya nyumbani.

Je, elimu hii italeta chakula? Wako wanaofanya kazi katika makumbusho, vyuo, vitabu na magazeti. Nafasi hizo si nyingi, wala haifai kumdanganya mzazi. Lakini na hasara ya upande wa pili ihesabiwe. Siku hizi maji ya Naitiri huchotwa kwa madumu ya plastiki, na wafinyanzi wanazeeka. Mtungi wenye alama za kamba iliyosokotwa shingoni mwake hutumiwa kuwekea mahindi ya kuku, na hakuna aulizaye alama zile alizipiga nani.

Kijana mwenye nia na asingoje barua ya chuo. Achukue daftari, amwendee bibi mfinyanzi, amwulize: Udongo huu mwautoa wapi? Mwachanganya na nini? Ni nani aliyekufundisha, bibi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.