Mkanda wa harusi ulionirudisha kwa shangazi

Shangazi yangu alinipigia simu mwezi wa nane mwaka jana. Nilishtuka, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 20 nyumba yetu na yake zilikuwa hazisemezani.

“Ninao mkanda wa video wa harusi ya baba yako mdogo,” alisema. “Marehemu baba yako yumo. Umeanza kuota ukungu. Njoo uuchukue kabla haujaoza.”

Baba alifariki dunia Februari 1998, mimi nikiwa na miaka sita. Picha zake tunazo tatu tu. Sauti yake sikuwa naikumbuka hata kidogo.

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda Korogwe, hakunizuia. Alisema neno moja: “Nenda, lakini usile kitu kwake.”

Msomaji atakuwa ameshaelewa. Katika harusi ile ya Desemba 1997, shangazi alimpa baba glasi ya sharubati kwa mkono wake mwenyewe. Miezi miwili baadaye tukamzika baba akiwa na miaka 36. Msibani mtu mmoja akanong’ona, wa pili akaitikia, na kabla ya arobaini kufika ukoo ulikuwa umeshatoa hukumu. Mimi na kaka yangu tulikua tukijua kwamba tuna shangazi ambaye hatumtembelei.

Nilimkuta mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye pua ya baba kama ilivyo kwenye zile picha tatu. Alinipikia dona na mchicha, kisha akaleta chai isiyo na sukari. “Mimi sukari ilinikataza tangu 2009,” alisema, akiniwekea kopo la sukari karibu nijihudumie.

Nilikula. Mama sikumwambia.

Niliporudi Dar es Salaam ndipo nilipogundua kwamba kuwa na mkanda ni jambo moja, na kuuona ni jingine. Zamani deki ilikuwa fahari ya sebule. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na wengi waliokuwa na televisheni kabla ya hapo waliinunua kwa ajili ya kuangalia mikanda. Lakini deki yetu iliondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu, na kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Magomeni, mzee aliyekuwa akipiga video za harusi enzi hizo. Anayo mashine ambayo upande mmoja ina mdomo wa kuingizia mkanda, na upande mwingine ina sahani ya DVD. Inahamisha yenyewe, haihitaji kompyuta.

Hakuuingiza mkanda mara moja. Alivaa barakoa, akafungua skrubu za kasha, akaufuta ule ukungu mweupe taratibu kwa kitambaa laini kikavu. “Ukungu ukiingia kwenye mashine, unahamia kwenye mkanda wa mteja anayefuata,” alisema. Ni kama maambukizi tu, nikawaza. Kisha akauzungusha hadi mwisho na kuurudisha mwanzo ili uachane, maana uliokaa miaka mingi hugandana, na ukivutwa kwa pupa unakatika.

Alinipa chaguo. DVD ya kawaida inabeba saa mbili kwa picha nzuri, na mkanda wetu ulikuwa wa saa tatu. Angeweza kubana zote kwenye diski moja, lakini picha ingefifia. Nikasema tuweke mbili.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kazi hii haina njia ya mkato. Simu inahamisha picha 1,000 kwa dakika chache, lakini mkanda wa saa tatu unahamishwa kwa saa tatu. Mashine inaucheza mwanzo hadi mwisho huku ikirekodi, na mtu inabidi akae aangalie, picha ikianza kuruka arekebishe. Fundi alikuwa na wateja wengine. Aliyekaa ni mimi.

Baba alitokea dakika ya 11. Alikuwa ameketi meza ya ndugu, koti limemzidi mabega. Mpiga picha alipomsogelea, akainua mkono akacheka: “Bwana, usinipige mimi, piga maharusi!”

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, yenye lafudhi ya Kisambaa. Ni sauti ya kaka yangu. Nimekuwa nikiisikia kila siku kwenye simu bila kujua.

Nililia kidogo, fundi akajifanya hajaona. Baada ya hapo nikaanza kuangalia kama ninavyoangalia nikiwa kazini.

Kamera za wakati ule ziliandika tarehe na saa kwenye kona ya picha. Saa nane na dakika 40 mchana baba anakunywa soda. Baada ya muda mfupi ana nyingine. Kabla ya saa tisa na nusu ameshafikia ya nne, na jagi la maji la meza nzima liko mbele yake. Mara tatu anaonekana akiinuka na kupita nyuma ya maharusi kwenda nje, na mara ya tatu bibi mmoja anamtania kwamba leo kibofu kimetoboka. Watu wanacheka.

Shangazi anamletea ile glasi saa kumi na moja na robo jioni. Baba anainywa yote bila kupumua na kumrudishia amwongeze.

Nimeandika habari za kisukari mara nyingi, hasa kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua mwili ghafla, uchovu. Orodha hiyo naijua kama jina langu. Nikakumbuka pia chai isiyo na sukari ya Korogwe.

Nilimpigia daktari ambaye hunisaidia kazini. Alinitahadharisha, na haki ilikuwa yake: ugonjwa hauthibitishwi kwa video, unathibitishwa kwa kupima damu, na damu ya baba haipo tena. Akaniambia nimuulize mama siku za mwisho zilikuwaje, bila kumwekea maneno mdomoni.

Nilimuuliza. Mama alisema baba alikuwa akiamka kwenda chooni usiku mara nne au tano, yeye akidhani ni joto la Dar. Hospitali alipimwa malaria. Siku ya mwisho alipumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na mdomo wake ulinukia kama nanasi lililoiva kupita kiasi. Harufu ile ndiyo iliyowafanya wazee wa msibani waseme amelishwa kitu.

Daktari aliponisikia alikaa kimya kidogo. Sukari inapopanda sana na mwili ukakosa insulini, alisema, mwili huanza kuchoma mafuta na damu kujaa tindikali. Mgonjwa huhema kwa nguvu, na pumzi yake inaweza kunukia hivyo. Bado hakusema “ndiyo”. Alisema, “Wapimeni walio hai.”

Jumapili iliyofuata nilimwekea mama DVD. Aliangalia saa zote tatu na kanga mdomoni. Hapo ndipo nilipoona faida ya diski: aliniomba nirudishe pale baba anapoinuka, nikarudisha mara tano bila kuogopa kwamba mkanda utakatika. Ilipofika ile glasi, aliangalia saa ya kwenye kona.

“Kumbe alikuwa na kiu tangu mchana,” alisema.

Hakusema lingine siku hiyo. Kesho yake jioni nilimkuta uani na simu sikioni. Nilimsikia akisema, “Wifi, hujambo? Ni mimi.” Nikarudi ndani.

Baadaye shangazi alinieleza jambo ambalo linaniuma hadi leo. Alipogunduliwa na kisukari mwaka 2009, alimtuma mtu atuambie tukapime, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kutembea katika ukoo. Ujumbe ulifika. Mama alidhani ni mtego, akaunyamazia. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi tuliishi bila taarifa ambayo mimi, mwandishi wa afya, huwahimiza watu wengine waitafute.

Sote tumepima sasa. Mama na mimi tuko salama. Kaka yangu sukari yake asubuhi kabla ya kula imekutwa juu ya kawaida, ingawa haijafikia kisukari. Ameacha soda, anatembea jioni, na atapima tena baada ya miezi mitatu.

Simaanishi kwamba mkanda umemaliza kila kitu. Wako wazee ambao bado wanaamini yao, na mama hajaomba radhi kwa maneno. Mwezi uliopita alipanda basi kwenda Korogwe akiwa na zawadi ya kitenge. Nilimuuliza aliporudi kama alikula. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kipuuzi.

Kama una mkanda chini ya kitanda, usisubiri. Usiujaribu kwenye deki iliyokaa miaka bila kusafishwa. Tafuta fundi anayeufungua kwanza, na kabla hujaondoka mwambie aifunge diski kwenye mashine yake, la sivyo huenda isicheze kwenye mashine nyingine. Tengeneza nakala mbili na umpe ndugu moja.

Yetu ya pili iko Korogwe.