Kutoka Nyali hadi Rabai, kabla ya Lodwar

Kabla hatujafunga mizigo ya kuhamia Lodwar, baba watoto alitaka kwanza twende Nyali na Rabai. Yeye ni mchungaji, amepewa uhamisho. Mimi na watoto tulipewa habari tu.

Tulianza Nyali, kwenye kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Mjerumani Johann Ludwig Krapf, walifika Mombasa mwaka 1844. Julai hiyo, siku chache baada ya kujifungua, Rosine alikufa kwa homa, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Tena hakikuwa cha kwanza. Mwaka 1843 walimzika binti mwingine wakiwa safarini upande wa Ethiopia. Walimwita Eneba, yaani chozi kwa Kiamhara. Nilimshika kitindamimba wangu mkono, nikanyamaza. Wake za wachungaji hatutajwi sana mimbarini.

Kutoka hapo tulipanda matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda hadi Rabai. Krapf alihamia huku mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, baada ya wazee wa Kirabai kuwakubali. Nyumba zao bado zipo. Rebmann alikaa hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Miaka ya mwanzo waumini wao walihesabika kwa vidole.

Mwanangu wa miaka 9 hakujali hesabu hiyo.

"Baba, nani alimfundisha Krapf Kiswahili?"

Baba yake akamweleza kwamba Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule, aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.

"Kumbe mhubiri alikuwa mwanafunzi wa kadhi?"

"Ndiyo."

"Na wewe Lodwar utafundishwa na nani?"

Mume wangu alicheka, lakini jibu hakuwa nalo.

Jioni nilimkuta mtoto langoni na mlinzi wetu, mzaliwa wa Turkana, daftari la hesabu likiwa mapajani. Alikuwa ameandika maneno manane. La kwanza lilikuwa "ejoka", la kusalimia. Mzee alimrekebisha matamshi, naye akarudia, akarudia tena. Nilipowaita mara ya tatu, ugali ulikuwa umeshapoa, na baba watoto alikuwa ameketi nao, kalamu mkononi.