Mtoto akilazwa wiki saba, nyumbani anabaki nani?

Sisi ni walimu wa kujitolea wa darasa la pili. Mwezi huu tumeona tuseme juu ya watoto wanaolazwa hospitali siku nyingi, si kwa homa, bali ili mguu unyooke na mkono ufunguke. Wazazi wengi wanatuuliza: kidonda kimeshapona, sasa mtoto analazwa kwa nini tena?

Tuchukue mtoto mmoja wa darasa letu, jina tunaliacha. Ana miaka 8. Mwaka jana sufuria ya maharage ilipinduka kwenye mafiga ikamuunguza nyuma ya goti. Kidonda kilifunga, kumbe na goti nalo lilikuwa linafunga. Akawa anakuja shule akiruka kwa mguu mmoja na fimbo, halafu akaacha kuja.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine mishipa imekauka, wengine mkono wa mtu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza hivi: mtoto aliyeungua anakunja kiungo kwa sababu kikikunjwa maumivu yanapungua. Watu wa nyumbani wanamwacha hivyo kwa huruma, na kovu linaota palepale kwenye mkunjo. Kovu la moto linajivuta na kukaza miezi mingi, hata mwaka na zaidi, wakati kidonda kimeshakauka. Mtoto naye anakua, mfupa unarefuka, kovu halifuatani nao. (Na akiungua leo: maji safi ya baridi yapite juu ya jeraha dakika 20. Si majivu, si dawa ya meno.)

Goti likishakaza namna hiyo, kovu linakatwa na ngozi nyembamba inatolewa pajani kuziba pale. Hiyo ni kazi ya saa chache tu. Yanayofuata ndiyo yanayokula wiki. Goti linafungwa banzi likiwa limenyooka, ngozi mpya inaachwa siku 5 hadi 7 ishike, kisha bandeji, kisha mazoezi asubuhi na jioni, na mtoto analia. Mama yake alituambia wiki ya kwanza ya mazoezi alikuwa anatoka nje ya wodi ili asisikie. Baadaye muuguzi akamwambia, "Mama, shika wewe mwenyewe, maana kule nyumbani mimi sipo."

Lakini huyu mama mwanzoni alikuwa amekataa kwenda. Siye tulikwenda kumsihi, akatuangalia, akasema: "Mwalimu, huyu ni mutoto wangu. Na wale wane wenye kubakia, ni batoto ba nani?" Hatukuwa na jibu. Hospitali iko nje ya kambi, kutoka ni kwa kibali, huwezi kurudi jioni kuwapikia wengine. Tunaona watu wanamhukumu haraka mzazi anayekataa, wanasema hapendi mtoto. Wangeuliza kwanza nani atasimama foleni ya maji.

Basi majirani wakagawana. Wawili walienda kwa mama mdogo wao, mmoja kwa bibi wa nyumba ya tatu, na yule mdogo anayenyonya akaenda na mama. Siku ya mgao wa chakula alisimama jirani aliyeandikishwa mapema. Sisi tuliandika masomo kwenye daftari, tukalituma na gari la wagonjwa. Likarudi na hesabu zote zimefanywa, isipokuwa za kutoa, ambazo hata darasani alikuwa hazipendi.

Kitanda cha pili palikuwa na mama na kichanga, nyayo zake zimepinda kwa ndani. Hao wanafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 hivi, mguu ukirudishwa taratibu kwa mikono. Wengi wanakatwa kidogo ukano wa kisigino. Aliyeianzisha njia hii ni daktari Ignacio Ponseti, na yeye alikuwa mkimbizi kama sisi. Ni Mhispania aliyetibu majeruhi wa vita vya kwao, mwaka 1939 akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na 1941 akafika Iowa, Marekani. Baada ya plasta mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu akilala tu mpaka miaka 4 au 5. Yaani hospitali ni wiki, nyumbani ni miaka. Mguu unaorudi kupinda mara nyingi ni wa mtoto aliyevuliwa viatu mapema.

Mwanafunzi wetu amerudi. Usiku analala na banzi, kovu linakandwa kwa mafuta, goti linanyooshwa. Darasani tumempa mwisho wa benchi ili mguu upate nafasi. Mapumziko ananyoosha mara 20, wenzake wakihesabu kwa sauti. Bado anachechemea, na daktari amesema akikua huenda akahitaji kukatwa kovu tena.

Sasa kuna mama mwingine anayengoja kibali, binti yake ameungua mkono, vidole vimeshikana na kiganja. Ana watoto wengine watatu. Wawili wamepata pa kulala. Wa tatu, mvulana wa miaka 6, bado. Mwenye nafasi aje shuleni baada ya vipindi vya asubuhi, aulize walimu wa darasa la pili.