Maombi ya Jumatano

Dawa kwa lugha ya Kikipsigis ni kerichek, na wako wazee wasemao kwamba mji wa Kericho ulipata jina lake kwa neno hilo. Sikusudii kushindana na wajuzi wa asili za majina. Nimelitaja kwa sababu nataka kusema nawe, msomaji, juu ya kuwaombea wagonjwa, na yafaa maneno ya uponyaji yaanzie katika mji wenye jina linalofanana na dawa.

Nilizaliwa katika laini za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai. Kampuni za Waingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi hapa katika miaka ya 1920, zilihitaji mikono mingi, na kwa hiyo Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya wakakutana kwenye mizani moja. Kanisa letu lilikuwa chumba cha mabati mwishoni mwa laini. Kwa kuwa kila mlango ulikuwa na lugha yake, tulisali kwa Kiswahili. Jumapili ilikuwa siku ya mahubiri. Jumatano jioni, majani ya mwisho yakiisha kupimwa, ilikuwa siku ya kuombea wagonjwa. Mama yangu alikwenda na kikapu chake mgongoni, hana nafasi ya kukipeleka nyumbani. Kabla ya wimbo wa kwanza mzee wa kanisa aliuliza, "Nani hayupo leo?" Jina likitajwa, mtu alisema alilolijua: huyu ana homa, yule amejifungua, yule mwingine amekwenda kwao mazishini. Ndipo tulipoomba, na kila mgonjwa aliombewa kwa jina lake.

Mdogo wangu alikuwa na kifafa, naye alimeza vidonge kila jioni. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi kwa povu au kwa kugusana. Walakini nimeona watu wazima wakimkimbia mtoto aliyeanguka kana kwamba nyoka ameingia nyumbani. Katika chumba kile cha mabati hakukimbiwa. Walisogeza mabenchi, wakamlaza ubavu, na wimbo ukaendelea.

Mwaka 2009, mtoto akiwa na umri wa miaka 11, alipita mhubiri mgeni akafanya mkutano wa siku tatu uwanjani. Simtaji, maana sitaki ugomvi naye. Alimwekea mdogo wangu mikono, akatangaza kwamba amepona, akamwagiza mama avitupe vidonge, kwani kuvimeza tena ni kumwambia Mungu kwamba hakufanya kazi. Mama alivitupa chooni. Siku ya tisa, asubuhi, mama akiwa shambani, mtoto alianguka juu ya moto wa kupikia. Mkono wa kuume uliungua hata vidole vikashikana.

Aliyesikia kishindo alikuwa jirani yetu Mkisii, nami sina budi kukuambia habari yake. Mapema mwaka 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yeye na watoto wake walifukuzwa hapo na vijana wa kabila langu. Alirudi baada ya miezi mingi, akakuta mlango wake umeng'olewa. Jumatano yake ya kwanza aliketi benchi la nyuma kabisa. Mzee alipouliza nani hayupo, hapana aliyejibu; wasiokuwapo walikuwa wengi, na sababu tuliijua. Mwanamke huyu ndiye aliyemwopoa mdogo wangu motoni, akamwagia maji baridi mkono ule, akambeba mgongoni mpaka barabara kuu kutafuta gari.

Alipelekwa Tenwek, karibu na mji wa Bomet. Hospitali hiyo ilianza kama zahanati ya wamisionari, ikaendeshwa na wauguzi mpaka mwaka 1959 alipofika daktari Ernest Steury kutoka Marekani. Kauli yake ni kwamba wao hutibu, na Yesu huponya. Nilikuwapo siku ya upasuaji. Daktari aliinamisha kichwa akaomba pamoja na mama, kisha akaingia kazini. Sala ilikuwa fupi. Upasuaji ulikuwa mrefu. Baadaye muuguzi alitueleza, pasipo ukali, kwamba kuacha ghafula dawa za kifafa huweza kuleta kifafa kikali kuliko cha mwanzo.

Mwaka ule niliingia chuo cha ualimu, nami nikakaa miaka mitatu bila kukanyaga kanisani. Hasira yangu ilikuwa na haki, lakini ilimpiga asiyehusika. Niliwahukumu watu wote wa Jumatano kwa kosa la mtu ambaye hata Jumatano moja hakupata kuketi nao. Katika wiki tano za hospitali, wanawake wale walipeana zamu ya kumpelekea mama chakula na mursik katika kibuyu. Siku ya mshahara kila mmoja alitoa alichoweza. Watoto wetu wadogo walilala kwa yule jirani Mkisii. Mama aliporudi alisimama mbele yao akasema, "Nimemchoma mwanangu." Hapana aliyemjibu kwa aya. Walimsogelea, wakakaa naye kimya. Tangu jioni ile, mzee huyo akiisha kumwombea mgonjwa humwuliza, "Dawa zako umemeza?"

Huenda utaniambia kwamba anayemeza dawa ana imani haba. Soma Maandiko yako vizuri. Luka alikuwa tabibu. Paulo, ambaye maombi yake yaliponya wengi, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, tena akamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wakoma kumi waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa wakaguzi wa ugonjwa ule kwa sheria ya Musa. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wengi miongoni mwao, walikwenda Samunge huko Loliondo, Tanzania, wakanywe kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao. Siwacheki, mama yangu alikuwa mmoja wao kabla ya wakati.

Yakobo naye amwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Angalia kwamba hakusema mzee mmoja mwenye sifa, afuatwe uwanjani. Ni wazee, walio karibu, wamjuao mgonjwa na njia ya kwake. Basi asiyejulikana na mtu atamwita nani? Ndiyo sababu nakusihi uende mkutanoni, hata kama huna sauti ya kuimba, hata kama shati lako la Jumapili limechakaa, hata kama una ugonjwa unaouonea haya. Kusali peke yako chumbani ni kwema, na Bwana aliamuru hivyo. Lakini chumbani hapana wa kuuliza nani hayupo. Yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kutoka darini alikuwa na rafiki wanne. Nimewafundisha wanafunzi wazuri ambao, kama wangepooza leo, wasingepata hata wawili. Nenda basi, na vidonge vyako mfukoni.

Mdogo wangu hakupona kama ilivyotangazwa uwanjani. Vidole vyake viwili havikunjuki, hawezi kuchuma chai, na mara moja au mbili kwa mwaka kifafa humwangusha hata sasa. Hutunza ufunguo wa kile chumba cha mabati. Mimi nafundisha upande wa Bomet, na siku za Jumatano hupanda pikipiki baada ya masomo. Juma lililopita mvua ya mawe ilinichelewesha njiani. Nilipofika mlangoni swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, nikasikia jina langu likitajwa miongoni mwa wasiokuwapo, na mdogo wangu akisema wangoje kidogo, maana amesikia pikipiki.