Mchezaji wa Nne

Wengi wetu hatujawahi kushika raketi ya skwoshi, wala hakuna uwanja wake karibu na usharika wetu. Mchezo huu huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne. Wachezaji wawili wanatumia sakafu moja, wote wakiuelekea ukuta wa mbele, na kupokezana kuupiga mpira mdogo wa raba. Hakuna wavu wa kuwatenganisha. Kwa hiyo sheria inamtaka kila mmoja, akishapiga, ampishe mwenzake aufikie mpira. Asipompisha, mwamuzi anaweza kuamuru pointi ichezwe upya, au kumpa mwenzake pointi hiyo.

Wanawake wana mashindano ya dunia ya timu katika mchezo huu. Yalianza mwaka 1979 mjini Birmingham, Uingereza, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ya mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona. Yaliporudi mwaka 2022 mjini Cairo, Misri walishinda, na mwaka 2024 huko Hong Kong wakashinda tena. Nchi huweza kupeleka wachezaji wanne, lakini katika kila pambano hucheza watatu tu. Kila mmoja huingia peke yake kukabiliana na mmoja wa upande wa pili, na timu inayopata michezo miwili kati ya mitatu ndiyo mshindi.

Tunamkumbuka Nicol David wa Malaysia, aliyekuwa namba moja duniani kwa miaka tisa mfululizo. Desemba 2014 timu yake ilifika fainali huko Kanada ikafungwa na Uingereza. Mwezi huo huo, mjini Cairo, yeye mwenyewe alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja kwa mara ya nane. Ubingwa wa timu hakuupata hata mara moja. Hata aliye bora kuliko wote duniani huleta ushindi mmoja tu. Wa pili lazima uletwe na mwingine. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho jambo hilo alipofananisha kanisa na mwili wenye viungo vingi, na sisi tumelihubiri mara nyingi.

Lakini anayetusumbua zaidi ni yule mchezaji wa nne. Amefanya mazoezi sawa na wenzake na amesafiri nao, na siku ya fainali anakaa pembeni na taulo mkononi.

Tunasema hivi kwa sababu sisi viongozi wa usharika tuliwahi kuwa na mchezaji wa nne, na hatukumwona. Mwaka ule mashindano ya kwaya ya jimbo yaliweka kikomo cha waimbaji arobaini, nasi tulikuwa na arobaini na mmoja. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyehudhuria mazoezi tangu Januari bila kukosa, aliambiwa Alhamisi kwamba hataimba. Jumamosi alfajiri alikuwa wa kwanza kufika kwenye basi. Alikuwa amepiga pasi sare za wenzake, na kutwa nzima aliwabebea maji na kuwashikia watoto. Kwaya yetu ikawa ya kwanza.

Jumapili tuliwaita mbele waimbaji wale arobaini. Tukawataja kwa majina, tukawaombea, tukampa kila mmoja kitenge. Yule mama alikuwa kwenye benchi lake, anapiga makofi.

Jumapili tatu zilizofuata hakuonekana. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Amenuna, ataacha." Wiki ya nne tulimwendea nyumbani. Alitupokea vizuri, akatuandalia chai, kisha akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, sikukasirika kwa kuachwa. Hesabu ni hesabu. Nimeumia mlipomshukuru Mungu kana kwamba mimi sikuwapo."

Tulikuwa tumekwenda kumfariji, na maneno yote tuliyoyaandaa yalituishia hapo. Kikomo cha arobaini kiliwekwa na wengine. Sala ile ilikuwa yetu. Tuliomba msamaha, kwake kwanza, na Jumapili iliyofuata mbele ya usharika wote, maana kosa lilifanyika hadharani. Alitusamehe. Amerudi ibadani, lakini kwaya hajarudi, nasi hatumlazimishi. Msamaha ameutoa, jeraha lina muda wake wa kupona.

Ile sheria ya skwoshi ya kumpisha mwenzako tulidhani ni ya wapinzani tu. Kumbe tunaweza kumzibia njia hata mtu wa timu yetu, tukiwa tumesimama madhabahuni na mikono tumeinua. Bwana wetu aliona senti mbili za mjane wakati wengine wakitazama sadaka kubwa. Kuona namna hiyo si kipaji cha wachache; ni kazi tuliyopewa wote.

Tangu siku ile, kabla ya kutoa shukrani za jambo lolote usharikani, tunaulizana kwanza: Nani alibeba maji? Nani alibaki na watoto? Mara nyingi jina linalokuja ni la mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Tunalitaja.