Mkono Ulitulia, Majina Yakapotea

Zamani kule kwetu Machame, mzee akianza kutetemeka mkono watu walisema ni uzee. Wengine walinong'ona kwamba kuna mtu kamtupia jambo. Wachache waliompeleka mzee wao hospitali walirudi na vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya karatasi, na mkono ukitulia, basi, amepona. Habari za kichwa chake hazikuulizwa. Akisahau, si mzee?

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Msimu wa mavuno alisimama kwenye mizani tangu asubuhi, watu wakishusha magunia ya kahawa ya maganda, na kabla mtu hajataja jina Baba alikuwa ameshafungua ukurasa wake. Alijua huyu ni mtoto wa nani, kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo, kimepakana na cha nani, msimu uliopita alileta kilo ngapi na malipo ya pili anadai kiasi gani. Ukitokea ubishi watu walimuuliza yeye kwanza, ndipo wakatafuta stakabadhi. Alikuwa na mwandiko mkubwa, wa duara, na mwandiko huo ndio ulioanza kubadilika: herufi zikawa ndogo, zikazidi kusinyaa kadiri mstari ulivyosonga, hata jina la mwisho likawa halisomeki. Leo daktari wa mishipa ya fahamu akiona ukurasa kama ule angejua pa kuanzia. Wakati ule kila mtu alidhani ni macho.

Hatimaye ugonjwa ukapewa jina: Parkinson. Ni jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyechapisha kitabu kidogo mwaka 1817 akieleza habari za wagonjwa sita wenye kutetemeka, mwili umeinama mbele na hatua zinazokimbilia. Aliona mengi, lakini alisema pia kwamba akili ya mgonjwa haiguswi. Jean-Martin Charcot wa Paris, ambaye ndiye aliyetaka ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, hakukubaliana naye kwa hilo; aliona akili na kumbukumbu nazo hupungua. Hata hivyo kauli ile ya 1817 ilidumu miaka mingi mno, na nadhani iliwaumiza wengi, maana daktari asiyetegemea kuona usahaulifu hauulizii.

Vidonge alivyopewa Baba vilikuwa benzeksoli, dawa ya bei rahisi, inayopatikana karibu kila mahali. Ukoo wake ni wa kale: Charcot mwenyewe aliwatibu wagonjwa wake kwa dawa za mimea zenye kazi ya namna hiyohiyo. Ndani ya ubongo dopamini na asetilikolini huenda kwa kupimana. Ugonjwa wa Parkinson unaua seli zinazotengeneza dopamini, asetilikolini inazidi nguvu, na benzeksoli huizuia asetilikolini hiyo ili mtetemeko upungue. Kwa mkono ni sawa. Lakini asetilikolini hiyohiyo ndiyo ubongo unayoitumia kushika mambo na kukumbuka, na ugonjwa wenyewe, kadiri unavyoendelea, unaua pia seli zinazoitengeneza. Kwa hiyo mzee aliyekwisha kupungukiwa ananyang'anywa hata kile kidogo kilichobaki.

Baba alianza na kukauka mdomo. Ulimi ulimganda kwenye kaakaa, akawa anaweka kikombe cha maji kando ya kiti na kunywa funda moja moja ili aweze kumaliza sentensi. Mkojo ukawa wa shida. Kisha yakaja ya kichwani. Aliuliza jambo, akajibiwa, chai ikimiminwa anauliza tena. Jioni alimwita Mama na kumwambia awape chakula wale watoto waliokaa migombani. Hapakuwa na mtoto. Mama alikuwa akijibu, "Babu, wameshakula," kwa sauti ileile aliyomjibu nayo siku zote. Alimwita hivyo tangu wajukuu waanze kuzaliwa, na hakuacha.

Si kila alichosahau kilitokana na dawa. Kuna usahaulifu wa Parkinson wenyewe, na una namna yake. Nikimuuliza jina la mzee fulani wa bondeni alinyamaza muda mrefu hata mgeni akadhani hakusikia. Lakini nikimwanzishia silabi ya kwanza, au nikisema "yule aliyekuwa na shamba chini ya kanisa," jina lilitoka zima, na jina la baba yake juu. Stakabadhi zilikuwamo kabatini. Karani ndiye aliyekuwa mzito kuzifikia. Mara nyingi ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu katika miaka ya mwanzo: fikra zinakwenda polepole, kupanga mambo mawili kwa pamoja kunashinda, ila ukimpa mgonjwa muda na kidokezo, anafika. Ukoo mzima ulikuwa haujui hilo. Watu walimmalizia sentensi, kisha wakaacha kumuuliza, na kwenye vikao vya mipaka ya vihamba, ambako neno lake lilikuwa la mwisho, wakaanza kuitwa wengine.

Alikuja kuonwa na daktari mwingine, mjini, mama mmoja mtulivu aliyesema tu, "Shikamoo mzee. Naomba nione dawa zote." Tukamwaga mfuko mezani. Mlikuwamo benzeksoli, Piriton ya mafua aliyokuwa akimeza usiku ili alale, na amitriptilini aliyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya miguu. Zote tatu, akaeleza, zinaizuia asetilikolini, na kwa mtu wa umri ule zinajumlishana. Hakuzikata ghafla. Benzeksoli aliipunguza kidogo kidogo, maana ikiachwa kwa mara moja mgonjwa anaweza kuzidiwa, na akamwanzishia levodopa pamoja na kabidopa, kipimo kidogo, inywewe kabla ya chakula kwa sababu protini ya maharage na nyama huichelewesha kuingia. Alionya kwamba levodopa nayo ikizidi yaweza kuleta mauzauza.

Watoto wa migombani waliondoka. Mdomo ukalainika. Mkono ulitetemeka zaidi kuliko mwanzo, na Baba alisema hilo anaweza kulibeba. Asubuhi moja alimtaja jirani kwa jina, akataja na deni la gunia ambalo jirani yule alikuwa ameshalisahau yeye mwenyewe. Si kwamba alipona. Ugonjwa uliendelea na safari yake, na miaka ya mwisho usahaulifu ulirudi, safari hii bila dawa ya kusingiziwa. Hapo katikati ndipo tulipopata kuandika daftari la ukoo, upande wa baba yake wote, hadi wazee waliohamia mlimani. Upande wa mama yake hatukuufikia. Ile miaka ya ukungu ingetosha kuumaliza, na ndiyo inayoniuma hadi leo.

Sasa mambo yanajulikana. Watafiti waliopita katika wilaya yetu ya Hai miaka ya 2000, kati ya watu kama 161,000, walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Inajulikana hata kwamba mbegu za upupu, huu unaotuwasha shambani, zina levodopa ndani yake, ingawa si za kujitafunia bila kipimo. Na dawa inayotumika siku hizi kusaidia kumbukumbu ya wagonjwa hawa, rivastigimini, inafanya kinyume kabisa cha kile kidonge cheupe: inailinda asetilikolini isivunjwe upesi.

Kidonge cheupe bado kipo, na bado ni rahisi kuliko levodopa. Kwa kijana anayetetemeka sana chaweza kuwa na nafasi yake. Juzi binti wa jirani alinipigia simu: mama yake ameanza kuzungumza na watu asiowaona, na ndugu wanataka apelekwe kwenye maombi. Nilimwambia maombi hayazuiwi, lakini kwanza aniambie mama anameza nini. Akasoma majina mawili, akasita, akaongeza la tatu la kuzuia mkojo, ambalo hakulihesabu kuwa dawa kwa sababu alilinunua mwenyewe dukani. Nikamwomba asimwachishe chochote peke yake, na asimwonyeshe daktari karatasi tu. Jumatatu anampeleka kliniki, na mfuko mzima.