Sinema Fupi Niipendayo

Wenzangu hupenda sinema za kisayansi zenye majina makubwa. Mimi huvutwa na zile zisizotajwa sana. Niliipenda 2010, iliyotoka mwaka 1984 kuifuata 2001 ya mwaka 1968, japokuwa wengi huihesabu mtoto asiyemfikia mzazi. Ya kwanza hustaajabisha. Ya pili hufahamika, na kufahamika si aibu.

Lakini iliyonishika moyo ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, iliyotoka mwaka 2009. Urefu wake wazidi dakika 20 kidogo tu. Vita vya maji vimepita, nchi imekauka, na watu huishi wamefungiwa majengoni, wakisafisha jasho na mkojo wao wapate kunywa. Asha apata udongo wenye uhai, apanda mbegu, kisha atoroka kuutafutia mche mahali jangwani.

Niliitazama nyumbani Kaplong pamoja na mama, mvua ikipiga bati. Mama amechuma majani chai tangu ujana wake. Mwanzoni alicheka: nani angekunywa jasho katika nchi hii ya mvua? Asha alipoutilia mche maji yake ya mwisho, kicheko kilikoma. Akatusimulia kiangazi kimoja ambacho chemchemi yetu ilikauka, naye akaiacha miche yake ya mboga ife ili sisi tunywe. Sikuwa nimepata kuisikia habari hiyo.

Ndugu yangu mdogo adai sehemu ya pili, ajue kama msitu ule wa mwisho ulikuwa kweli au ndoto. Mimi siitaki. Mama aliuliza tu kama mti ulipona, kisha akatoka na ndoo kukinga maji ya mvua.